Maneno Kando ya Injini

Kengele ililia, na watu wote waliokuwa kwenye ukumbi wa makumbusho wakageuka kumtazama mwanamke mmoja.

Alikuwa juu ya ngazi ya injini ya treni, mguu mmoja ndani ya kibanda cha dereva, mwingine hewani. Gauni lake la buluu, alilolishona mwenyewe, lilikuwa limenasa kwenye komeo. Viatu vyake vilikuwa chini, vimepangwa vizuri kama mlangoni kwa mtu.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kwanza ya maonyesho ya historia ya usafiri, na watu walijaa pomoni kuanzia kwenye mikokoteni hadi kwenye treni.

"Dada, shuka! Shuka taratibu!" Mwongozaji alikuja akipasua umati kwa mabega, shati jeupe, miwani imeteleza puani.

"Nitashukaje na wewe umeziba ngazi?"

"Umevuka kamba. Hukuiona?"

"Niliiona. Ndiyo maana nikavua viatu."

Mwongozaji alitaka kukasirika, hasira zikagoma kuja. Akalinasua gauni, akampa mkono. Mwanamke alipofika chini hakumtazama yeye, alitazama bango lililofungwa kando ya injini. *Injini namba 29. Iligongana na treni ya mizigo baada ya dereva kuingia njiani bila fimbo ya ruhusa. Watu kumi na mmoja walifariki.*

"Nani kaandika haya?"

"Ofisi," akajibu haraka, maana bibi mmoja alikuwa anamvuta shati akiulizia choo. "Ofisi ndiyo huandika. Naomba namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Kuna fomu ya wavuka kamba."

"Iko wapi hiyo fomu?"

"Inachapishwa."

Mwanamke akacheka bila kupenda, akaitaja namba.

Mwongozaji hakujua kwamba dereva wa injini ile alikuwa hai, na kwamba aliyesimama mbele yake ni bintiye. Mwanamke naye hakujua kwamba ofisi ni huyuhuyu mwenye miwani.

Miezi miwili ikapita kwa simu. Mwanamke alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, akimlea binti yake wa miaka saba, Kidosho, na kumtunza baba yake. Mwongozaji alizoea kupita dukani jioni, akikaa juu ya robota la kitambaa kama mfalme, Kidosho akimvua miwani na kujivika. Bintiye dereva aliahirisha kusema ukweli leo, akaahirisha kesho, mpaka ikawa aibu kuusema. Hatimaye akamwalika nyumbani Jumamosi, amwone Mzee. Alikusudia kusema kabla ya siku hiyo.

Alhamisi simu ikaita.

"Haloo, Mvuka Kamba."

"Nipo, kipenzi. Ngoja nitoe pini mdomoni."

"Siku moja utazimeza, uniache mgane."

"Mgane! Kwanza uoe."

"Si ndiyo nauliza? Mzee anapenda mtu wa namna gani?"

"Asiyeongea sana."

"Basi nimekwisha." Akacheka. "Sikia habari. Jumatatu darasa la Kidosho linakuja kwetu, na mimi ndiye nitawasomea maelezo ya treni. Nitajidai kidogo, maana mabango yote ya ukumbi ule niliyaandika mimi."

Cherehani ikanyamaza.

"Yote?"

"La kwanza hadi la mwisho."

"Na la injini ishirini na tisa?"

"Hilo ndilo walilolisifu zaidi."

Simu ikakatika. Mwongozaji alipiga tena mara tisa, haikupokewa.

Ijumaa alikuja dukani anahema. "Mama Kidosho, nimekosa nini?"

"Uliniambia ofisi."

"Ofisi ni mimi na meza! Kwani kuna nini?"

"Huyo dereva ni baba yangu."

Mwongozaji akaketi juu ya robota bila kujua ameketi. Kisha, kama mtu aliyeteleza, akasema neno ambalo asingelisema siku nyingine. "Kwa hiyo ulinitafuta mimi, au ulitafuta bango?"

"Toka."

"Nauliza tu—"

"Toka, mkasi uko karibu!" Sauti yake ilipasuka. "Kidosho amewatangazia wenzake wote kwamba treni ya babu yake iko makumbusho. Jumatatu utawasomea nini? Kwamba babu yake aliua watu kumi na mmoja?"

"Niliandika ilivyo kwenye ripoti ya tume. Fimbo haikuonekana."

"Baba anasema alikuwa nayo. Miaka ishirini na miwili anasema hilohilo, habadilishi hata koma. Na wewe uliandika juu yake bila kumuuliza!"

Jumamosi, saa ambayo alitakiwa awe anaamkia wakwe, mwongozaji alijifungia ghalani. Fimbo yenyewe alikuwa ameiweka kabatini kwa mikono yake: ya shaba, ndefu kama mkono wa mtoto. Kwa reli ya njia moja kulikuwa na fimbo moja tu, na dereva asiyekabidhiwa hiyo fimbo haondoki stesheni. Hivyo ndivyo alivyowaeleza wageni kila siku. Kitu alichokuwa hajafanya ni kufungua daftari la mapokezi kwenye namba ya fimbo hiyo. Sasa akafungua.

*Fimbo ya shaba. Imechomolewa chini ya kiti cha dereva, injini 29, siku ya ajali, kabla injini haijavutwa.* Chini yake sahihi ya fundi wa uokoaji. Basi dereva alikuwa nayo; tume ilipofika, ilikuwa imeshatolewa.

Akampigia Mkurugenzi wa makumbusho.

"Bango halishuki bila kikao," Mkurugenzi alisema, "na kikao ni mwezi ujao."

"Mama, watoto wanakuja Jumatatu."

"Waonyeshe baiskeli. Na ukiligusa, Jumanne usije."

Akapiga namba nyingine. Ikapokewa na sauti nzito. "Mwenye simu hataki kuongea na wewe. Yupo hapa, anajifanya anapiga pasi."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa bango?"

"Ndiye mimi. Mzee, siku ile fimbo uliiweka wapi?"

"Niliichomeka chini ya kiti, nipate mikono miwili ya kufunga breki."

"Imeandikwa hivyo, Mzee. Nimeisoma leo. Naomba uje Jumatatu uisikie."

Simu ilisikika ikiwekwa juu ya meza, haikukatwa, na pasi nayo ikawa haisikiki tena.

Jumatatu watoto waliingia wawili wawili, Kidosho mbele kabisa. Mama yake alifuata kama mzazi msindikizaji, gauni la kijivu limefungwa vifungo mpaka kooni. Mzee alikuwa amesema watangulie, akabaki kitandani amekaa, kiatu kimoja mkononi. Mkurugenzi, miwani moja usoni na nyingine kichwani, alisimama kando amekunja mikono. Bango lilikuwa palepale.

"Hii ndiyo treni ya babu!" Kidosho akapiga kelele.

Rafiki yake, msomaji hodari, akaanza kwa sauti kali: "I-li-go-ngana na treni ya mizigo baada ya de-re-va..."

Mama Kidosho akafumba macho.

"Usisome hapo." Mwongozaji alikuwa ameufunika mstari kwa kiganja. "Hapo pana uongo, na niliyeuandika ni mimi."

"Mwongozaji!" Mkurugenzi akaita.

Mwongozaji akatoa bisibisi mfukoni, ikateleza mara mbili. Skrubu nne, moja moja. Akaliweka bango sakafuni, akafungua daftari, akasoma.

"Soma tena," sauti ikasema nyuma.

Mzee alikuwa mlangoni, koti limefungwa upande, jasho usoni. "Taratibu. Sikio la kushoto halisikii tangu siku ile."

Akasoma tena. Mzee alisimama, kofia mkononi, midomo ikiyafuata maneno.

"Babu," Kidosho akauliza, "uliogopa?"

"Mpaka leo, mjukuu wangu."

Mkurugenzi aliinama kulitazama daftari, akalitazama kwa muda mrefu. "Mwongozaji, ofisini kwangu," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Mwanamke alimsubiri nje kwenye ngazi. Mwongozaji alitoka na begi begani.

"Vipi?"

"Mwezi mmoja nyumbani, mpaka kikao. Huenda nisirudi." Akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. "Ijumaa niliuliza swali baya."

"Baya sana."

"Nijibu hata hivyo."

Mwanamke akayavuta maneno pole pole. "Siku ya kwanza nilitafuta bango. Ya pili ukanipigia kuniambia fomu bado inachapishwa, nikacheka mpaka nikajidunga sindano. Wiki nzima sikukumbuka bango. Nilijichukia kwa hilo. Na nilikosea kukuficha."

Mwongozaji alisogea, ile nafasi ikaisha.

"Sina kazi ya kuaminika," mwongozaji akasema. "Lakini nikimtuma mjomba wangu kwa Mzee—"

"Mzee yule pale, anajifanya anasoma bei za tiketi. Mwambie mwenyewe."

Mzee hakusubiri aambiwe. Alikuja akakaa ngazi ya juu yao, akakohoa. "Kijana, una kalamu?"

"Ninayo, Mzee. Nilikuwa nataka kukuomba—"

"Najua unachotaka. Hilo tutaliongea nikimaliza." Akaivaa kofia yake, akainyoosha. "Andika. Asubuhi ile tuliondoka stesheni kukiwa na ukungu, na fimbo nilipewa na msimamizi mwenyewe, mkono kwa mkono..."

Bintiye aliegemeza kichwa kwenye goti la baba yake, mkono wake juu ya bega la anayeandika.