Chapati za Wakwe

Ndiyo, ni mimi niliyemtupia nyani chapati. Nimelikana jambo hili mwaka mzima, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Dholuo... Nina miaka hamsini na mbili na digrii mbili, na hakuna hata moja iliyonisaidia kusoma kibao cha langoni: USILISHE WANYAMA.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi Suna kutoka Asumbi kwa wakwe, wanawake wanne ndani ya sare za kitenge. Kwetu, wakwe wakikufungia chakula cha njiani, kapu halifiki nyumbani na kitu ndani. Likifika nacho, umewaambia hawajui kupika. Nasi tulikuwa na kapu la chapati, na tumeshiba hadi kupumua ni kazi!

Dereva wetu alikuwa shemeji Ouma, Baba Atieno, mume wa mdogo wangu Akinyi aliyebaki nyumbani. Kazi yake ilikuwa kupeleka watalii kwenye mbuga ya bonde la Lambwe. Tulimsumbua hadi akatupitisha humo tuone twiga. Alituomba tu tusishuke garini wala kutupa chakula.

Tukashuka. Tukaegemea kichuguu, tukapigana picha kama malkia waliostaafu. Mwenzetu mmoja alimpigia twiga miluzi ili ageuke, eti picha ipendeze! Twiga ni bibi harusi?

Tuliporudi garini, nyani alikuja akaketi chini ya dirisha langu, ametulia kuliko abiria wote. Nikalikumbuka kapu. Nikatupa chapati moja... kisha zote.

Askari wa wanyamapori walitukuta vipande vikiwa bado chini. Wakauliza ni nani. Nikajisikia nikijibu, kwa sauti ileile ninayotumia kwenye semina, "Ni dereva." Wenzangu watatu wakageuka kumtafuta twiga.

Ouma alinitazama kwenye kioo, akanyamaza. Kwetu mwanamume hambishii dada mkubwa wa mke wake mbele ya watu. Nililijua hilo. Ndiyo maana nilisema!

Alipigwa marufuku kuingiza wageni mbugani, na tajiri wake akamwachisha kazi. Akinyi aliniuliza mara kwa mara, nami nikaapa kwa jina la marehemu mama yetu kwamba si mimi. Na nyani? Alikwisha kujifunza kwamba madirisha ya magari hutoa chapati. Alitia mkono kwenye gari la wageni wengine, akamrarua mtoto. Wakampiga risasi.

Ndugu msomaji, ukienda mbugani, kaa garini, funga mdomo na ufunge kapu. Aibu ya kurudi na chapati huisha jioni hiyohiyo. Na ukikosea, sema ni wewe, palepale! Usijifiche nyuma ya mtu ambaye heshima imemfunga ulimi, kama nilivyofanya mimi, msomi wa bure...

Juzi Akinyi alinipigia simu. Hakunisalimu.

"Baba Atieno ameanza kazi ya lori Isebania," alisema. "Kule mbugani walikubali kumrudisha. Walitaka tu awatajie aliyetupa zile chapati."

Nikamuuliza kama amemtaja.

"Amekataa. Anasema hawezi kumwaibisha dada wa mke wake."

Nikasema, "Akinyi, ni mimi."

"Najua," alisema. "Nimemwambia awe huru kukutaja. Mke wake hana dada."

Akakata simu.