Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Mlio ule ulianza asubuhi ya Jumatatu, Spana alipowasha gari lake uani, na kama asingekuwa mtu wa utani, pengine ungeishia hapo hapo.

Ngo, ngo, ngo.

Injini ikigonga, hugonga kwa kufuata mwendo wake: ukikanyaga mafuta inaharakisha, ukiachia inapungua. Mlio huu haukujali mafuta. Spana akachukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Akazima. Injini ikanyamaza, na katika ule ukimya mlio ukaja tena, ngo, ngo, ngo, ukatulia, kisha ngo, ngo, ngo, kutoka mlango wa nyuma wa kushoto, taratibu, kama mtu anayepiga hodi kwa watu asiowazoea.

Akacheka peke yake. "Karibu," akasema huku anafuta mikono. "Pita, mlango uko wazi."

Springi za nyuma zikalia. Gari likashuka kidogo upande wa kushoto, namna linavyoshuka mtu mzima anapopanda na kukaa. Spana akachungulia kitini, hakuona mtu. Akajiambia springi imechoka, akaenda zake kunywa chai.

Huyu Spana alikuwa fundi wa pampu za maji, na kazi yake ilimtaka azunguke kila siku kwenye visima vilivyo mbali na lami. Gari lile kuukuu la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, alilikuta nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyofungwa, limekalia mawe miaka mingi, kutu imekula sakafu hadi unaona majani chini. Watu walimwambia aliache lilipo. Yeye na kichwa chake kigumu akalikokota hadi uani kwake, na miezi kumi alishinda chini yake: akachomelea sakafu mpya, akafumua giaboksi, akasafisha nozeli za mafuta moja moja, akabadilisha kila mpira wa breki. Mkewe, muuguzi wa zahanati, aliliita mke mwenza. Kila asubuhi aliuliza mwenzake ameamkaje, au bado anatapika oili. Lakini siku lilipowaka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda, mbele, mkoba mapajani.

Nyuma alikaa binti yao wa miaka saba, mtoto mwenye adabu hata majirani wakaona gere. Mgeni akija, anampisha kiti. Mgeni akiondoka, anamfuata hadi mlangoni na kumwambia maneno yote ya heshima, bila kusahau hata moja. Adabu hizo alifundishwa na baba yake, naye alijivunia mtoto huyo kuliko hata lile gari.

Jumanne Spana akafunga springi mpya. Akapima kwa futi kamba kutoka chini hadi kwenye bodi: kulia sawa, kushoto pungufu ya vidole viwili. Akaongeza jani la chuma kwenye springi. Vidole viwili vile vile. Tangu hapo akawa mtu wa kupima. Anapima kabla hajapiga mswaki, anapima akirudi kazini, anaacha chakula kinapoa aende kupima tena. Usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu. Ndani ya gari nako kukaanza kunuka kokoto zilizolowa, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Jumatano, wakielekea shule, alimwona binti kwenye kioo amejibana mlango wa kulia, magoti pamoja, zaidi ya nusu ya kiti imebaki tupu. Akamwambia akae vizuri.

"Nimempisha, baba," mtoto akasema kwa sauti ya chini.

"Umempisha nani?"

"Mgeni. Si ulimkaribisha wewe?"

Mama mtu akageuka. Kiti kilikuwa kitupu, ila ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati. Na kwenye kioo cha dirisha la kushoto kulikuwa na duara la ukungu, kama la pumzi ya mtu, likikua na kupungua, likikua na kupungua. Spana akaongeza mafuta hadi shuleni.

Kesho yake gari halikutoka. Mtoto alipelekwa kwa miguu, akalia njia nzima, na mchana mwalimu akatuma ujumbe kwamba amekataa mwenzake yeyote asikae naye kwenye dawati, anasema nafasi ina mwenyewe. Jioni wakamtafuta nyumba nzima. Walimkuta amekaa ndani ya gari, milango imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwa Spana. Mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

Ijumaa muuguzi wa zamu aliumwa, mke wa Spana akahitajika zahanati mapema, na Spana akajikaza, akawapakia wote. Mkewe alipokwisha kuteremka zahanati wakabaki wawili, au yeye alijiambia ni wawili, na alipoinua macho akauona kwenye kioo mkono wa mwanawe umelala juu ya kile kiti kitupu, kiganja juu, na vidole vyake vidogo vikibonyea kimoja kimoja kana kwamba kuna vidole vingine vinavihesabu, na akataka kusimama lakini mguu ukawa mzito, na ile harufu ya mawe mabichi ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na chini ya ngurumo ya injini akasikia mtu mzima akinong'ona polepole, na mwanawe akijibu kila anapoulizwa, "Ndiyo. Ndiyo. Nitakuja."

Spana hakuwahi kuogopa kitu maishani kama alivyoogopa siku ile. Hakumfikisha shule. Aligeuza gari, akamchukua mkewe kazini, wakaenda moja kwa moja kwa Mama Sindano.

Mama Sindano alikuwa mshonaji wa viti vya magari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi ya viti alijifunza ukubwani. Kazi ya kusema na majini aliirithi kwa bibi yake, kama wengine wanavyorithi shamba. Alimteremsha mtoto, akaingiza mkono nyuma, akakipapasa kiti kama anayepima kitambaa. Akautoa haraka.

"Pana joto," akasema. Akawavuta wazazi pembeni. "Nani alimkaribisha?"

Spana akakiri, hata ule utani akaurudia neno kwa neno. Mkewe alimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo.

"Basi siwezi kumfukuza, baba. Angekuwa mwizi ningemfukuza. Huyu ni mgeni wako, umemwita ndani kwa mdomo wako mwenyewe. Mgeni anasindikizwa. Na msichelewe, maana hataki kurudi kwao peke yake."

Akawaelekeza. Wampeleke leo leo, jua likiwa bado juu, hadi pale gari lilipookotwa, na wote waliosafiri naye wawepo. Wamfungulie mlango, wamshukuru kwa kuwatembelea, wamuage, wageuke, wasitazame nyuma.

"Kwaheri peke yake," akasema. "Mtu asimwambie karibu tena. Mwambieni na mtoto."

Spana akaitikia, akasema atamwambia yeye mwenyewe. Lakini njiani, alipomtazama mwanawe kwenye kioo, mdogo vile, midomo imepauka, ulimi ukamshinda. Aliona akianza kumwonya atamtisha bure. Akamwambia tu, "Leo mgeni anaondoka, mama. Ushike adabu zako."

Machimboni palikuwa kimya. Spana akazima gari, akazunguka, akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto. Akashukuru. Mkewe akashukuru. Wakasema kwaheri. Springi zikalia, gari likainuka kushoto, na kwenye kokoto mbele yao mawe yakaanza kusukumana, hatua moja, hatua nyingine, nzito, zikienda zake kuelekea shimoni. Spana akamshika mwanawe mkono wageuke. Mkono ulikuwa umeanza kupata joto. Hapo ndipo binti, kama alivyofundishwa, alipoinamisha kichwa.

"Kwaheri, mgeni. Karibu tena. Siku nyingine uje nyumbani."

Hatua zikasimama.

Spana alimbeba mtoto, akamtupa mkewe mbele, na sijui alitia gia gani. Hawakutazama nyuma. Nyumbani akashuka na futi yake kabla hata hajazima: kulia na kushoto, sawasawa. Akapima mara nne. Harufu imekwisha, vioo vikavu, na mtoto akala akaomba aongezwe, akasimulia habari za shule mpaka akasinzia kwenye sahani. Mkewe akauliza kwa kunong'ona, je, lile neno. Spana akamwambia neno la mtoto halihesabiwi. Alilisema mara nyingi usiku ule, na alfajiri akatoka tena kupima.

Jumamosi walikuwa mezani, chai inafuka, binti bado amelala chumbani kwake. Gari limetulia uani, limesimama sawa.

Ngo, ngo, ngo.

Safari hii ulikuwa mlango wa nyumba. Mkewe, kwa mazoea tu, akainua kichwa na kufungua mdomo aitikie kama anavyoitikia kila siku. Spana akaruka meza, akamziba kwa kiganja chake chenye grisi. Wakakaa hivyo, wamekumbatiana, hawapumui. Ngo, ngo, ngo. Harufu ya kokoto zilizolowa ikapenya chini ya mlango. Asipojibiwa ataondoka, Spana aliomba, asipojibiwa ataondoka.

"Karibu," ikatoka sauti ndogo chumbani, ya mtoto aliyeamshwa usingizini, yenye adabu zote. "Pita, mlango uko wazi."

Na chaga za kitanda chake zikalia, upande wa kushoto.