Tela la Mwisho Mezani

Ilikuwa safari ya miwani tu. Mama mkwe alipohamia kwetu aliiacha kwenye nyumba yake ya zamani, mtaa wa pili kutoka kwetu, na bila miwani alikuwa akinisumbua kila siku: nitafutie hiki, nisomee kile. Jua lilipokuwa linazama nikaona bora niende. Nikaacha cherehani, nikachukua ufunguo.

Niseme mapema: mimi si mwoga. Mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, na mtu mwenye mdomo kama wangu hapati muda wa kuogopa.

Nyumba ile ilifungwa tangu baba mkwe alipofariki, miezi mitatu nyuma. Mzee alifanya kazi kwenye yadi ya treni maisha yake yote, na mume wangu akashika kazi hiyohiyo. Wanafunga matela. Haya si matela kama unayoyajua wewe. Yanakuja yanavutwa na lori, yana matairi yake, yanatembea barabarani vizuri tu. Yakifika yadini yanarudishwa kinyumenyume juu ya vigari vya chuma vyenye magurudumu ya reli. Matairi yanainuliwa, pini inasukumwa, na tela linageuka behewa.

Wafungaji ni wawili, mmoja kila upande. Tela liko katikati, hawaonani. Kwa hiyo wana desturi yao. Anayetaka kuingia chini kukagua pini anagonga chuma kwa nyundo mara mbili. Mwenzake akishashika breki, anajibu mara mbili. Hujajibiwa, huingii. Mume wangu husema mkewe anaweza kumdanganya, lakini nyundo ya mwenzake haiwezi.

Huyo mwenzake tulimwita Kicheko. Alikuwa jirani yetu, nyumba ya mkabala, na shibe yake nusu ilikuwa jikoni kwangu. Mchana ule alikuja kumpitia mume wangu waende zamu, akaona kiwiko cha koti la mwenzake nilichokishona asubuhi kwa uzi wa zambarau, maana wa buluu uliniishia.

"Eh, shemeji! Huyu umempamba hivi anakwenda kazini au anakwenda posa?"

"Aende tu," nikamwambia. "Huko posani wakimpokea, wamchukue na deni la kumlisha."

Wakaondoka wanacheka.

Basi nikafungua mlango wa mzee. Vumbi. Joto la nyumba iliyofungwa. Miwani niliiona palepale, juu ya meza ya sebuleni. Nikaitia mfukoni, nikageuka kutoka.

Tak... tak.

Nikasimama.

Mlio ulitoka chumba cha nyuma. Kwenye chumba hicho mzee alikuwa na yadi yake ndogo: meza nzima ya reli, barabara, taa, geti, hata choo cha wafanyakazi kando ya barabara. Na matela. Aliyatengeneza mwenyewe kwa bati la makopo, kila moja urefu wa kiganja, na vijitairi vya mpira unavyoviinua kwa ukucha. Sisi tulisema uzee, mwacheni achezee.

Panya, nikajiambia. Halafu nikasikia harufu. Grisi mbichi... na jasho la mtu anayefanya kazi.

Ningeondoka. Hivi leo najiuliza kwa nini sikuondoka. Lakini niliusukuma mlango.

Taa ndogo za yadi zilikuwa zinawaka. Umeme wa nyumba ile tuliukata siku ya pili baada ya mazishi.

Matela yalikuwa juu ya reli, saba, matairi yameinuliwa. Sita yalikuwa yamefungana. La saba, la mwisho, lilikuwa limeachana na wenzake kidogo. Kando yake alisimama mtu, mdogo kama njiti ya kiberiti. Nikainama nimwone.

Kwenye kiwiko cha koti lake palikuwa na mstari wa zambarau.

Mama yangu weee! Uzi ule niliupitisha asubuhi ileile. Mzee ana miezi mitatu ardhini.

Nilitoa simu nimtafute mume wangu. Nikapiga. Ikaita, ikaita... Nikakumbuka kwamba kazini simu zao wanazifungia kabatini.

Tak... tak.

Kimya. Mlio ule ulikuwa unasubiri. Ng'ambo ya tela, mahali ambapo angesimama Kicheko, hapakuwa na mtu. Nilipaangalia vizuri, Wallahi. Palikuwa patupu.

"Usiingie," nikanong'ona. "Baba watoto, usiingie."

Na kutoka gizani, nyuma ya meza, kitu kikajibu.

Tak. Tak.

Sikumwona akitembea. Nilipepesa macho tu, akawa hayuko alipokuwa. Alikuwa chini ya tela, amelala kifudifudi, kiwiko cha zambarau kimechomoza. Na tela likaanza kwenda. Polepole... bila sauti. Gurudumu la chuma na kiwiko kile vilikuwa vimebakiza upana wa uzi.

Nikalinyakua!

Lilikuwa zito. Bati la kopo, lakini lilinivuta bega kama ndoo mbili za maji. Na lilikuwa la moto, linaunguza kiganja. Sikuangalia. Nililisogeza kando, nikalitua pale juu ya barabara, nikakimbia. Mlango wa mbele niliuacha wazi. Kiatu kimoja kilibaki huko hadi leo.

Mama mkwe alinikuta nimekaa sakafuni jikoni, nahema. Hakuuliza miwani. Alikishika kiganja changu, akausogeza uso wake karibu, akaiona alama nyekundu ya kuungua. Akakaa chini pamoja nami, mguu wake mbovu na yote.

"Umeingia kule," akasema.

Nikamweleza kila kitu. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya zamani.

"Zamani, mumeo hajazaliwa, mzee aliwahi kujibu mlio bila kushika breki. Alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mwenzake akafia chini ya tela. Tangu hapo huyo mwenzake hajaacha kujibu. Ndiyo maana mzee akatengeneza meza ile, ili awahi kumwona anayejibiwa naye."

"Nimewahi, mama. Nimelinyanyua."

"Ukaliweka wapi?"

"Sikuelewi."

"Tela, mwanangu. Ulipolinyanyua, uliliweka wapi?"

"Pale... barabarani."

Akakiachia kiganja changu.

"Mzee alikuwa halitui," akanong'ona. "Analishika mkononi mpaka kunakucha. Vidole vyake hukuviona vilivyoungua? Analishika tu. Akilitua, linatua juu ya mtu."

Hapo mlango ukafunguliwa. Mume wangu. Mzima, miguu miwili, mikono miwili, koti limejaa vumbi. Nilimrukia shingoni kama mtoto. Hakunikumbatia.

"Nilikuwa chini," akasema. "Niligonga, nikajibiwa. Tela likaanza kuja, nikajua nimekwisha. Halafu... halikuwepo. Juu yangu nikaona mbingu."

"Kaa chini, mwanangu," mama yake akamwambia.

"Kicheko hakuwa upande wake, mama. Alikuwa amekwenda chooni, anavuka barabara kurudi. Tumelikuta limesimama pale barabarani, matairi yameinuliwa juu, chuma kitupu juu ya lami." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Yuko chini yake."

Sitasema uongo. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa huruma. Ilikuwa furaha. Nilikuwa nimemshika mume wangu, nasikia moyo wake unapiga, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Ndipo ukunga ukasikika kutoka nyumba ya mkabala. Walikuwa wamemfikishia mke wa Kicheko habari.

Nilivuka. Jirani huwezi kukaa. Akanishika mabega, kanga imemdondoka, akaniuliza usoni, "Dada, wanasema mume wako alijibiwa. Nani alijibu, wakati wangu alikuwa chooni? Nani amelitua tela juu yake?"

Nikamwambia la kwanza silijui.

La pili akaendelea kulisubiri, amenikazia macho, mpaka majirani walipotutenganisha.