Usitikisike Mpaka Nikuambie

Picha ilitoka safi mno, na ubaya ulianzia hapo.

Evarist wa Endasak, kama humjui, ndiye mpiga picha wa harusi zote za huku, harusi na kipaimara. Sauti yake tumeizoea. Akishawapanga ndugu wa bibi harusi anasema, "Tulieni hapo hapo," na akimaliza, "Haya basi, asanteni, mnaweza kutoka." Anayasema hata usingizini, mkewe anamcheka kwa hilo.

Kwa watu alikuwa anajua. Kwa maji hakujua, na ilimkera. Kila akipiga Ziwa Basotu anga linatoka jeupe pe, maji meusi tii, na ukingo wa ng'ambo umepita katikati kabisa kama mkate uliokatwa. Akaanza kujifunza kwenye simu. Ukingo wa ng'ambo upandishe juu, maji yapate nafasi. Piga asubuhi, jua halijawa kali. Mweke mtu mahali, ukubwa wa ziwa uonekane. Na ukitaka maji yalainike kama maziwa, funika lenzi kwa kioo cheusi, isimamishe kamera kwenye stendi, iache ikodoe macho muda mrefu.

Mtu aliyemweka ni Genoveva, mkewe. Alimsimamisha kwenye jiwe lililoingia majini, akamwambia, "Usitikisike mpaka nikuambie." Genoveva ni mwanamke wa maneno na vicheko, kusimama kimya kwake ni adhabu, lakini alitii. Kamera ilipomaliza, Evarist aliona picha aliyoihangaikia mwaka mzima. Akaiinamia, akaikuza, akaifurahia, akasahau kama ana mke. Alipoinua kichwa mke yuko ubavuni kwake, ametoka mwenyewe. Wakapanda pikipiki wakarudi nyumbani.

Huko, mtoto wao Julius akakataa kunyonya. Alilishika titi, akaliachia, akamtazama mama yake usoni, akalia kama aliyepewa mgeni. Jirani yao Leticia akasema ni meno.

Evarist alifungua picha kwenye kompyuta aione vizuri. Sasa sikiliza. Kwenye picha ya namna ile, mtu anayepumua hatoki safi. Kifua kinapanda, shingo inacheza, nguo inapepea, basi anatoka na ukungu kidogo pembeni. Matete ya ukingoni yalitoka na ukungu. Ndege alitoka mchirizi tu. Genoveva alitoka safi mpaka mshono wa kitenge. Chini ya miguu yake, ndani ya maji, taswira yake ndiyo iliyokuwa na ukungu, na mkono wake mmoja ulifutika huku na huku kama wa mtu anayepunga kwa nguvu.

Tangu hapo akaanza kumvizia mkewe. Ni jambo la aibu mtu kumvizia mke wake ndani ya nyumba yake, na Evarist aliona aibu kweli, lakini hakuacha. Aliona pindo la kitenge chake limelowa, hata kikitoka kuanikwa juani. Chumba kilinuka tope la ziwa. Na asubuhi, mlima wetu wa huku uliposhusha baridi yake na kila chenye pumzi kikawa kinatoa mvuke, mbuzi zizini, Leticia pale uani na kikombe chake, hata Julius mgongoni kwa Leticia, Genoveva alisimama katikati yao akisimulia habari ndefu na kucheka, mdomo wazi, na hapakutoka kitu mdomoni mwake.

"Mbona unaniangalia hivyo?" alimuuliza polepole walipobaki wawili.

"Hivyo vipi?"

"Kama hunijui."

"Nimechoka tu, mama Julius."

"Wewe ndiye uliyechoka?" akasema, akaendelea kumtazama bila kupepesa.

Evarist aliaga kwamba anafuata betri, akaenda Basotu kwa Bibi Scolastica, anayekaanga perege pale senta. Waliosumbuliwa na ziwa humwendea kimyakimya, hata wale wanaokaa benchi la mbele kanisani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nionyeshe hiyo picha." Aliitazama, akageuza samaki wake, akanuna. "Ulimwambia nini mwenzako kabla?"

"Asitikisike mpaka nimwambie."

"Ukamwambia?"

Evarist akakumbuka alivyoiinamia kamera.

"Basi anakusubiri," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Huyo wa kwako nyumbani amekaa nafasi yake. Mrudishe juu ya jiwe lile, fungua kamera yako, umruhusu mkeo. Mwite kwa jina, yeye mmoja. Humo hayuko peke yake, kijana. Wote wanasubiri kuambiwa."

Evarist alidhani itakuwa kazi kumshawishi yule wa nyumbani. Alimwambia picha imeharibika, warudie. Mwanamke akajibu, "Si ulisema ni nzuri?" Kisha akatabasamu, akamkabidhi Leticia mtoto, akatangulia kwenye pikipiki. Njia nzima aliuliza habari za harusi anazopiga picha.

Alipanda juu ya jiwe bila kuelekezwa. Evarist alifungua kamera, na ukungu wa asubuhi ulikuwa unasogea juu ya maji lakini maji yenyewe hayakusogea, na yule juu ya jiwe alikuwa bado anatabasamu, na chini yake kwenye maji palikuwa na uso uleule usiotabasamu, unalia, mkono unapunga, na kuuona ule uso kulimpasua moyo.

"Genoveva," aliita. "Haya basi," na ulimi wake, uliozoea, ukamalizia wenyewe, "asanteni, mnaweza kutoka."

Mwanamke juu ya jiwe alianguka kwa magoti. Akakohoa maji mengi, akavuta pumzi, na mvuke mweupe ukamtoka mdomoni. "Julius amenyonya?" akauliza. Evarist alimkumbatia akalia bila haya.

Akatazama kamera. Genoveva alikuwa ukungu mtupu, picha imeharibika vibaya, naye akacheka kwa furaha. Kisha akaona ukingo. Kando ya maji walisimama watu, wazee wenye mashuka, akina mama, mchungaji na fimbo yake, wamejaa kutoka upande huu wa picha hadi ule, wote safi, hakuna aliyetikisika. Wa mbele alivaa kitenge kama cha Genoveva, na alikwisha kugeukia barabara.

Aliinua macho. Ukingo ulikuwa mtupu.

"Baba Julius," Genoveva alinong'ona, kucha zikimwingia mkononi. "Wale uliowaruhusu wamepita hapa wote. Yule wa mbele anawaambia anapajua kwetu. Mtoto umemwacha na nani?"