Pipa Linalopigwa Mionzi

Fundi rangi wa magari alikuwa ameshashuka ngazi za hospitali, mkoba kwapani. Mkewe alimfuata mbio, bahasha ya picha mkononi.

"Baba watoto, simama! Unakwenda wapi na saratani yako?"

"Nyumbani. Nimechungulia chumba cha mashine. Wanatibu pipa la maji! Mimi na tezi dume yangu nangoja, maji yanapigwa mionzi. Tena nesi kasema ni utafiti. Sikuja hapa kuwa panya wa majaribio."

Shemeji yake alikuwa tayari amewasha gari. "Panda, shemeji. Maji yakipona watakuita."

Akatoka mwanafizikia wa hospitali, mikono ya koti imelowa. Ni binti ambaye kazi yake ni kupima mionzi ya tiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usije ukaniambukiza mionzi."

Binti akacheka. "Mionzi ya mashine yetu ni kama mwanga wa taa. Ukizima, haibaki kwangu wala kwako. Hebu niambie: ukichanganya rangi mpya, unaanza na gari la mteja?"

"Nina wazimu? Naipuliza kwanza kwenye kipande cha bati."

"Mwili wa mtu, sehemu kubwa ni maji. Pipa lile ndilo bati langu. Natumbukiza kipimo, naona mionzi inafika wapi, kwa nguvu gani. Tiba ya kawaida ni wiki nyingi, kidogo kidogo. Tunachunguza kama siku tano zenye nguvu zaidi zitatosha. Nikikosea hata kwa unene wa ukucha, naunguza kibofu. Ndiyo maana nakuchelewesha."

Mke akauliza, "Na waliomtangulia?"

"Ishirini na wawili. Wengi wanaendelea vizuri. Wawili walisumbuliwa na mkojo kwa miezi."

"Akikataa je?"

"Atapata tiba ya kawaida. Hakuna atakayemnunia. Ila akienda kukaa nyumbani, saratani haitamngoja."

Shemeji akapiga honi.

"Zima hilo gari," fundi akasema. "Nataka kuliona pipa."

Alitazama mpaka vipimo vikaisha. Kesho yake akatia sahihi, baada ya mkewe kumsomea karatasi ya ridhaa mara mbili.

Alitibiwa siku tano. Mkojo ulimchoma wiki tatu, ukaacha. Huu ni mwaka wa tatu. Vipimo vyake vya damu ni vizuri, na bado anapaka magari rangi. Mwanafizikia aliandika kwenye ripoti ya utafiti kwamba siku tano zinawafaa baadhi ya wagonjwa, si wote. Anaendelea kupima. Mke huwasindikiza majirani hospitali, na maswali anauliza yeye. Shemeji alikwenda kupimwa tezi dume kimya kimya. Mtaa mzima ulijua. Hana kitu.