Pua ya Fundi wa Maabara

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, soko likiwa limechangamka, muuza samaki alifunua ndoo nyeupe mbele ya wateja, na mambo yakaharibika hapo hapo. Mama mmoja aliyeinama kuchagua alirudi nyuma akifuta machozi.

"We dada! Hawa umewatia dawa ya maiti?"

Neno likaruka meza hadi meza. Kufumba na kufumbua watu wamejaa, simu zimeinuliwa zinapiga picha, na mwenyekiti wa soko anapiga kelele samaki wote wamwagwe, meza ifungwe. Muuza samaki akabaki ameshika mfuniko. Ndoo haikuwa yake. Alipewa na mpenzi wake.

Mpenzi mwenyewe alikuwa fundi wa maabara chuo kikuu, idara ya sayansi ya bahari, mwanamume aliyefiwa na mkewe na kuzoea kula chakula kilichopoa akiwa amesimama. Walijuana pale pale sokoni, asubuhi moja ya vikumbo na makelele, yeye ndani ya koti jeupe, mwanamke ndani ya gauni la maua ya njano, aproni ya plastiki na hereni kubwa za duara.

"Kilo ngapi, kaka?"

"Nataka vichwa tu."

"Vichwa tu? Na miili nimwachie nani?"

"Kichwani mwa samaki mna vijiwe vidogo, dada. Ukikikata kijiwe unaona mistari, kama ya mti. Unajua ameishi miaka mingapi."

"Haa! Basi mimi usinikaribie na hicho kisu chako."

Fundi akacheka, naye alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika. Akaketi juu ya kreti karibu naye, bega kwa bega, akasubiri vichwa vyake. Mwanamke aliliona hilo la bega. Kila jioni alijisugua kwa ndimu hadi viwiko vikawaka, lakini harufu ya samaki haikumwacha, na wanaume aliowajua walianza kwa sifa wakamaliza kwa kufungua dirisha. Huyu alisogea karibu. Huyu hakukunja uso.

Simu zikaanza.

"Bwana Vichwa, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Na mkate."

"Wewe mwanamume utanitoa roho! Na hizo kelele?"

"Pampu za matangi, mpenzi. Zikinyamaza, majani yetu ya bahari yanakufa. Nimezizoea. Nyumbani kimya kinanisumbua."

"Mimi nalala na televisheni ya jirani," alisema mwanamke, na hakuna aliyekata simu.

Jumapili moja alijipulizia manukato ya bei, akavaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, wakakaa bustanini. Fundi akasifia gauni, akasifia nywele. Manukato hakuyagusia. Mwanamke akajisemea, ni haya zake tu.

Sanduku lake la barafu lilipopasuka, fundi akamchukulia ndoo kwenye rafu ya maabara. Ndoo za formalini, dawa kali ya kuhifadhia samaki wa utafiti, zilipaswa kufungwa utepe mwekundu. Utepe uliisha. Fundi aliomba, akaomba tena. Mkuu wa idara akasema bajeti haijapita, huku ofisini kwake viti vipya vikiingizwa vingali na nailoni. Ndoo zote zikafanana. Fundi akafunua moja, akaichungulia ndani, akaona ni safi.

Habari za soko zilipomfikia, alikimbilia kwa mkuu.

"Mzee, niruhusu nikaseme ndoo ilitoka kwetu. Yule mama wa watu hana kosa."

"Kwetu wapi? Chuo kinauza samaki? Subiri kamati ikae."

"Itakaa lini?"

"Akidi ikitimia. Na ukifungua mdomo kabla ya hapo, kazi huna."

Wakubwa wana viti vya kukalia kila kitu, isipokuwa makosa yao. Fundi akasubiri kamati. Simu ikaita, jina la mpenzi wake likiwaka kwenye kioo, naye akaitazama tu. Angemwambia nini, na mikononi hana kitu? Ikaita tena, na kesho yake tena. Kisha haikuita. Akabaki na pampu zake, akagundua kwamba hata zenyewe sasa zinamsumbua.

Jumamosi alivaa koti jeupe, akaenda sokoni, akasimama kwenye meza iliyofungwa. Muuza samaki alikuwa hapo na ile ndoo nyeupe, sasa tupu, akimsihi mwenyekiti.

"Ndoo hii ni yangu," fundi alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ilikuwa na dawa ya maabara. Nilimpa mimi, yeye hakujua."

"Na wewe hukunusa?" akauliza mwenyekiti.

"Sinusi. Feni ya kutolea hewa ilikufa, wakubwa wakaiacha imekufa, mimi nikaivuta dawa hiyo mwaka hadi mwaka. Pua imekufa nayo. Hata harufu ya soko hili siisikii."

Simu ziliinuliwa tena. Alijua picha zitamfikia mkuu kabla yeye hajafika nyumbani. Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema meza ifunguliwe, watu watafute vingine vya kutazama.

Muuza samaki hakufurahi. Alikuwa anamtazama fundi kama mtu aliyemwona leo.

"Tangu lini?"

"Kabla mke wangu hajafariki. Nguo zake nimezitunza kabatini. Nazishika tu. Hazinipi kitu."

"Na manukato yangu?"

"Manukato gani?"

Mwanamke akacheka kicheko kikavu. "Wiki nzima nalia kwa sababu hupokei simu. Kumbe cha kulilia nilikuwa sijakijua. Mimi nilijiambia, nimepata mtu aliyenichukua nilivyo."

"Nimekuchukua. Nataka tuoane. Kazi najua imekwenda, lakini mikono ninayo. Nitakaa hapa nikwangue magamba."

Mwanamke alikata ndimu, akaanza kujisugua polepole, kiganja, mkono, hadi kiwikoni. Akasukuma kreti kwa mguu. Fundi akaketi, mabega yakagusana.

"Ndoo nimekusamehe," alisema mwanamke, macho yake kwenye ndimu. "Simu pia, ingawa hiyo bado inauma. Lakini niambie ukweli, Bwana Vichwa. Siku ile ya kwanza, pua yako ingekuwa nzima, ungekaa hapa?"