Feni ya Bafuni

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa feni, na mpaka leo ukimtajia nyumba ile anaondoka. Mgane mmoja alimwita kwa sababu feni ya bafuni ilikuwa inadondosha maji.

"Mvuke unapoa ndani ya bomba, mzee wangu," fundi akamweleza. "Unageuka maji, yanarudi chini."

"Marehemu mke wangu alikuwa anajifungia humu kulia," mgane akacheka. "Mimi nawasha feni nisimsikie, nalala zangu usingizi wa pono."

Fundi akachukua ngazi yake. Akapanda darini, akaliviringishia bomba sufi ya kuzuia baridi, akaliinamisha kuelekea nje na kukaza viungo vyote kwa utepe.

Kesho yake akaitwa tena. Bafuni palikuwa pakavu. Sasa maji yalidondokea mto wa kulalia. Fundi akapanda na tochi. Bomba lilikuwa limekata kona, mdomo wake uko juu ya kitanda cha mgane, na utepe alioufunga mwenyewe haujabanduka hata kidogo. Ndani ya bomba, mwanamke alikuwa akilia kwa kwikwi.

"Washa feni, fundi!" mgane akapiga kelele kutoka chini. "Iwashe, nakuomba!"

Feni ilikuwa inazunguka tangu asubuhi.